Kunoa Jiwe Mapledurham

Barabara ya kuingia Mapledurham ni moja, nayo haitokei upande wa pili. Ukiuacha mji wa Reading nyuma yako ukafuata njia nyembamba inayoteremka kati ya mashamba na miti, unaishia ukingoni mwa mto Thames, upande wake wa kaskazini, katika jimbo la Oxfordshire. Daraja hakuna. Ng'ambo ni Berkshire, na anayetaka kwenda huko hana budi kurudi alikotoka au kupanda mashua. Ndiyo maana kijiji hiki, kilicho kilomita chache tu kutoka mji wenye reli na maghorofa, kimebaki na umbo lake la kale: kanisa, jumba la wenye ardhi, nyumba chache, na kinu cha maji.

Jumba ni la matofali mekundu. Ukoo wa Blount ulinunua ardhi hii mwaka 1490, na ujenzi wa jumba lenyewe ulianza mnamo 1588. Wenyewe walikuwa Wakatoliki, nao walibaki Wakatoliki katika zama ambazo sheria ya Uingereza iliwatoza faini na kuwafunga watu kwa imani hiyo. Ndani ya kuta mna vyumba vya siri vya kuwaficha mapadri, na juu ya ukuta mmoja yamepachikwa makombe ya chaza, ambayo husemwa yalikuwa ishara kwa mtoro kwamba hapa atapokewa. Mgawanyiko huo umeingia hadi kanisani. Kanisa la Mtakatifu Margaret ni la Kianglikana, lakini ubavu wake wa kusini ni mali ya wenye jumba, na humo ndimo walimozikwa Wakatoliki wa ukoo huo, wametengwa na waumini wengine chini ya paa lile lile. Mshairi Alexander Pope alikuwa akija hapa kuwatembelea dada wawili wa ukoo wa Blount, Martha na Teresa.

Kinu kina sifa ya namna nyingine. Watu wengi duniani wamekiona bila kujua ni cha wapi, kwa kuwa ndicho kilicho kwenye jalada la santuri ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath, iliyotoka mwaka 1970, nyuma ya mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Filamu ya The Eagle Has Landed, iliyotoka mwaka 1976, ilikitumia kijiji kizima kama uwanja wake, na watengenezaji wakakipachika kinu gurudumu la bandia. Wakati huo kinu kilikuwa kimekufa. Kilikuwa kimeacha kusaga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kilianza kufufuliwa baada ya filamu hiyo. Leo hutajwa kuwa kinu cha mwisho katika mto Thames kinachosaga nafaka kwa nguvu ya maji.

Historia yake ni ndefu kuliko ya jumba. Kitabu cha Domesday, orodha kubwa ya mali za Uingereza iliyoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, kinataja kinu mahali hapa. Sehemu ya katikati ya jengo la sasa ni ya karne ya 15, na waliokuja baadaye waliliongeza huku na huku kadiri London ilivyozidi kuhitaji unga. Wageni hupiga picha paa lake na mto unaopita chini yake, na hakika ni mahali pa kupendeza. Lakini mimi naona kilicho bora kabisa Mapledurham kiko ghorofani, ndani ya kasha la mbao la mviringo: mawe mawili yaliyolaliana, na kazi ya mikono inayoyafanya yaendelee kuwa mawe ya kusagia badala ya kuwa pambo.

Maji kwanza. Mto Thames hauna maporomoko. Hushuka polepole kutoka milima ya magharibi hadi baharini, kwa hiyo mwenye kinu alilazimika kujitengenezea mteremko wake: anajenga kizuizi kukata mto, maji yanapanda nyuma yake, na tofauti ndogo ya kimo kati ya maji ya juu na ya chini ndiyo nguvu yake yote. Kwa karne nyingi maji hayo yaligombaniwa. Mashua za mizigo zilitaka kizuizi kifunguliwe ili zipite na wimbi linaloshuka, na kila kilipofunguliwa gurudumu lilisimama mpaka mto ujae tena. Mwaka 1777 ukajengwa mfereji wenye milango miwili, upande wa Berkshire. Mashua inaingia kati ya milango, maji yanajazwa au yanapunguzwa humo tu, nayo inapanda au kushuka bila kumnyang'anya mwenye kinu bwawa lake. Mfereji huo ungali unatumika.

Fundi wa kinu hufungua lango la maji kwa kulipandisha kidogo kidogo. Maji hupita chini yake na kusukuma vibao vya gurudumu. Gurudumu huzunguka pole pole, kiasi kwamba unaweza kuhesabu vibao kwa macho. Mhimili wake unapenya ukuta hadi ndani, ambako gurudumu jingine lenye meno, lililosimama ndani ya shimo, linashikana na gurudumu dogo lililolala na kuuzungusha mhimili wa pili, unaopanda wima kuelekea ghorofa za juu. Juu yake liko gurudumu pana la kulala, nalo linazungusha vigurudumu vidogo vilivyo chini ya mawe. Kila hatua mwendo unaongezeka. Mzunguko uliokuwa wa kuhesabika pale nje unafika kwenye jiwe ukiwa mizunguko mia moja na ushee kwa dakika.

Katika vinu vya namna hii meno ya chuma hukutanishwa na meno ya mbao, si chuma kwa chuma. Mbao hupunguza kelele, na kitu kikikwama ni jino la mbao litakalovunjika, ambalo fundi anaweza kulichonga upya kwa mti mgumu kama mtufaha na kulipachika kabla ya jioni. Aliyebuni mpango huo alikubali tangu mwanzo kwamba kuna siku kitu kitavunjika, akachagua mwenyewe kitakachovunjika.

Mawe ya ngano yaliyothaminiwa kuliko yote Uingereza hayakutoka Uingereza. Yalitoka La Ferté-sous-Jouarre, katika bonde la mto Marne, mashariki mwa Paris. Ni jiwe la jamii ya gumegume, gumu, lenye vitundu vidogo vidogo vyenye kingo kali. Mara nyingi halikupatikana kwa vipande vikubwa, kwa hiyo fundi wa mawe aliviunga vipande kadhaa, akichagua vilivyolingana ugumu, akavishikanisha kwa plasta, kisha akavifunga kwa pete za chuma zilizovishwa zikiwa za moto ili zikipoa zibane. Jiwe moja lina upana wa mita moja na robo hivi, na uzito wake hukaribia tani moja. La chini halisogei. La juu ndilo linalozunguka, na linapozunguka halitakiwi kuligusa lenzake hata kidogo.

Asiyejua atadhani mawe haya huponda. Mashine za kusaga za miji yetu, zile ambazo mngurumo wake husikika tangu asubuhi, ndizo zinazoponda: nyundo za chuma hupiga punje mpaka ipenye kwenye chujio. Mawe ya kinu cha maji hukata. Punje huingia katikati, kwenye tundu la jiwe la juu, hupasuliwa, hufunuliwa, na hukwanguliwa hatua kwa hatua inapoelekea ukingoni, ganda likitoka kwa vipande vipana na moyo wa punje ukiwa unga. Ili kukata lazima pawe na makali. Na makali, hata ya gumegume, huisha.

Fundi hujua kwa unga. Unga unaotoka kwenye mawe butu una joto kupita kiasi, kwa sababu punje inasuguliwa badala ya kukatwa. Pumba nazo zinakuja zimesagika mno, hazina tena ule upana wa vipande vinavyoonekana kwa jicho. Maji yale yale yanatoa magunia machache. Zamani, mawe yalipofanya kazi mchana na usiku, dalili hizi zilijitokeza kila baada ya wiki mbili au tatu. Leo kinu kinapozungushwa kwa saa chache, mawe hukaa muda mrefu zaidi, lakini siku yake hufika.

Siku hiyo lango la maji hushushwa hadi chini. Nafaka iliyobaki imeachwa isagike yote, ili pasibaki kitu katikati ya mawe. Kisha fundi huanza kuvua vilivyo juu, kimoja baada ya kingine: sanduku kubwa lenye umbo la faneli ambamo ngano humiminwa, fremu ya miguu minne inayolibeba, kihori chembamba chenye mteremko kinachopeleka nafaka kwenye tundu, fimbo ya chuma inayokitikisa kihori hicho, na mwisho kasha la mbao linaloyazunguka mawe. Kila kimoja kina mahali pake ukutani. Unga uliotanda hufagiliwa kwa ufagio mdogo na kuondolewa. Haya hayana haraka, na mtu anayesubiri kuona patasi na nyundo anaweza kuchoka. Mimi naamini ndipo unapoweza kumtambua fundi: kwa namna anavyofagia kabla ya kazi.

Kuinua jiwe ni jambo la kutisha. Kando ya mawe husimama winchi ya mbao, yenye mikono miwili ya chuma iliyopinda. Mikono hiyo hushuka pande mbili za jiwe, na pini nene huingizwa kwenye mashimo yaliyotobolewa ubavuni mwake. Parafujo kubwa huzungushwa kwa mkono, nusu mzunguko, nusu mzunguko. Jiwe huachana na mhimili wake na kupanda, unene wa kidole, unene wa kiganja. Likishapanda vya kutosha, fundi hulisukuma ukingoni nalo hupinduka juu ya pini zake, tani nzima ikigeuka hewani kwa nguvu za mtu mmoja, kwa sababu mashimo yale yalitobolewa mahali penye uwiano. Hulishusha juu ya vipande vya mbao likiwa limeuelekeza juu uso wake wa kusagia. Hapo ndipo unapouona: uso mpana, wa kijivu chenye weupe, uliochorwa mistari kutoka katikati hadi pembeni.

Kazi ya kwanza ni kuuliza kama uso huo ungali sawa. Kwa hili fundi ana vifaa viwili, na uhusiano wake ni wa kuvutia. Kimoja ni ubao mnyoofu unaozidi kidogo upana wa jiwe. Cha pili ni kipimo cha chuma kilichonyooshwa kwa ustadi mkubwa, kinachotunzwa ndani ya sanduku lake na kutumika kwa jambo moja tu, kuhakikisha kwamba ule ubao haujapinda. Mbao hubadilika na hali ya hewa, na kando ya mto hewa ni ya unyevu. Kwa hiyo kabla ya kulipima jiwe kwa ubao, ubao wenyewe hupimwa kwa chuma. Ukionekana una kosa, unakwanguliwa kwanza.

Baadaye ubao hupakwa ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala wetu wa pwani nao hutia kwenye uzi wao wa kupigia mstari, ukiwa umekorogwa na maji. Hupitishwa juu ya jiwe taratibu, ukizungushwa kutoka katikati, bila kukandamizwa. Palipoinuka hushika wekundu. Palipo chini hubaki pakavu. Baada ya mzunguko mmoja jiwe huwa na ramani juu yake, na kila doa jekundu ni kazi inayosubiri.

Chombo cha kazi hiyo ni tindo yenye makali pande zote mbili, kipande kizito cha chuma cha pua kilichopenyezwa kwenye tundu la mpini mnene wa mbao. Haipigwi kwa nyundo. Yenyewe ndiyo nyundo. Fundi huketi sakafuni, au hujilaza ubavu kando ya jiwe, na kuegemeza kiwiko chake kwenye kimto kilichojazwa pumba. Kimto hicho kidogo nakipenda kuliko vifaa vyote vya chumba hiki. Mkono unaoning'inia hewani huchoka, na uliochoka hupiga ovyo. Mkono ulioegemea kwenye pumba una kituo kisichobadilika, kifundo cha mkono ndicho kinachoinuka na kushuka, na tindo huangukia palepale mara mia mfululizo. Fundi haongezi nguvu. Anaiacha tindo ianguke kwa uzito wake, kisha anaiinua tena.

Vumbi jeupe hutoka, na cheche mara nyingine. Baada ya madoa kung'olewa, jiwe hufagiliwa, ubao hupakwa ngeu upya na kupitishwa tena. Sasa madoa ni mengi zaidi na ni madogo zaidi, maana vilima vikubwa vimeondoka na vidogo vimejitokeza. Hupigwa tena. Hufagiliwa. Ngeu. Mpaka wekundu uenee karibu sawasawa juu ya sehemu zote zinazopaswa kukata. Uso hauachwi tambarare kabisa. Kuelekea katikati huzamishwa kidogo sana, ili punje nzima ipate nafasi ya kuingia. Nafasi kati ya mawe karibu na katikati husemwa iwe unene wa karatasi nene ya kufungia vitu, na ukingoni unene wa karatasi laini. Vipimo hivi vinapatikana kwa tindo inayoinuliwa kwa mkono juu ya jiwe la tani moja, bila mashine yoyote.

Kisha mifereji. Uso wa jiwe mara nyingi umegawanywa katika sehemu kumi, na kila sehemu ina mifereji minne iliyopangwa kwa urefu. Mrefu kuliko yote mafundi wa Uingereza waliuita Bwana, wa pili ni Fundi, wa tatu Mwanagenzi, na mfupi wa mwisho Kipepeo. Mfereji hauna kina sawa pande zote mbili: ukuta mmoja umesimama, wa pili unapanda kwa mteremko mrefu hadi usawa wa jiwe. Mawe yote mawili huchongwa mchoro ule ule. Lakini la juu likipinduliwa na kulazwa juu ya la chini, mistari yake inaelekea upande wa pili, na linapozunguka kingo za mifereji hukutana na kupishana tangu katikati hadi nje. Hapo ndipo punje inapokatwa, na papo hapo husukumwa kuelekea ukingoni. Mifereji hiyo hiyo huingiza hewa, na hewa hupoza unga. Kazi tatu kwa mchoro mmoja, na uliofikiriwa na watu ambao hawakuacha hata jina.

Kuizamisha mifereji ni kazi ya nguvu. Kinachofuata ni kazi ya macho. Katikati ya mfereji mmoja na mwingine umebaki uwanda, na juu ya uwanda huo fundi huchora kwa tindo mistari myembamba sambamba, kina chake kama mkwaruzo tu. Fundi mzuri aliweza kupiga mistari 16 ndani ya inchi moja, yaani ndani ya sentimita mbili na nusu. Hakuna rula. Kila mstari unapigwa kwa kuutazama uliopita. Mistari hii ndiyo inayokwangua unga uliogandamana na ganda la ngano, nayo ndiyo ya kwanza kufutika jiwe likianza kufanya kazi. Anayeipiga anajua hivyo. Anaipiga sawasawa hata hivyo, kwa sababu unga wa wiki zinazokuja unaitegemea.

Gumegume haishindwi bila malipo. Makali ya tindo hupotea upesi, ndiyo maana fundi huwa na rundo zima kando yake, akiiacha iliyoisha na kuchukua nyingine. Kunoa hakutoshi siku zote: tindo hurudishwa kwa mhunzi, ambaye huitia motoni, huifua ncha zake, kisha huizimisha. Ikiwa ngumu mno itapasuka, ikiwa laini mno itajikunja. Zamani walikuwapo mafundi wa kutembea, waliokwenda kutoka kinu hadi kinu na tindo zao mgongoni, wakilala hapo hapo mpaka jozi ya mawe iwe tayari. Inasimuliwa kwamba mwenye kinu asiyemjua mgeni alimtaka akunje mikono ya shati. Vipande vidogo vya chuma huruka kutoka kwenye tindo na kuzama ndani ya ngozi, na miaka ikipita vinaacha nukta za buluu iliyoiva juu ya mgongo wa mkono. Mikono misafi ilikuwa ya mtu aliyeanza jana.

Mafundi hao walikuja kukosa kazi haraka sana. Tangu miaka ya 1870 vinu vikubwa vya roli za chuma vilijengwa bandarini, vikisaga ngano iliyokuja kwa meli kutoka Amerika, na kutoa unga mweupe kwa bei ambayo kinu cha kijijini hakikuweza kuifikia. Vinu vingi vya mito viligeuzwa kusaga chakula cha mifugo, kisha vikafungwa, kisha vikawa nyumba za kuishi. Chama cha kuhifadhi majengo ya kale, alichokianzisha William Morris mwaka 1877, kilianza kujishughulisha na vinu katika karne iliyofuata, na mjini Reading kwenyewe kuna hifadhi ya nyaraka za vinu, ya Mills Archive, yenye michoro na picha za kazi hizi. Nyaraka ni jambo jema. Lakini michoro haimwelezi mtu tindo inyanyuliwe kimo gani. Hilo hujifunzwa kwa kukaa kando ya mwenzako aliyelala juu ya kimto cha pumba.

Kabla ya jiwe kurudishwa, mhimili unaolibeba huulizwa kama umesimama wima. Kifaa chake ni rahisi hata mtu anaweza kukidharau: mkono wa ubao unaovishwa kichwani mwa mhimili, na mwishoni mwake unyoya wa bata bukini. Mhimili unazungushwa kwa mkono, na unyoya unaupitia uso wa jiwe la chini mzunguko mzima. Ukigusa upande huu na kuachia upande ule, mhimili umelala. Fundi hurekebisha kabari chini, hurudi juu, huzungusha tena, na hutega sikio, kwa kuwa unyoya ukigusa hukwaruza na ukiachia hunyamaza. Anatafuta mkwaruzo usiokatika. Akiupata, jiwe la juu hugeuzwa na kushushwa kwa parafujo ile ile, na chuma kilichopachikwa kwenye tundu lake hukaa juu ya ncha ya mhimili. Tani moja sasa imesimama juu ya ncha moja. Likiegemea upande, huongezewa risasi upande wa pili, mgongoni, mpaka litulie.

Kasha hurudi, fremu hurudi, kihori, sanduku. Ndani ya sanduku kuna ukanda wa ngozi unaolaliwa na ngano, na ukanda huo umefungwa kwenye kengele. Ngano ikipungua, ukanda hulegea na kengele hulia. Si pambo: mawe yakizunguka bila nafaka yatakutana, yatatoa cheche, na kazi ya siku nzima itateketea kwa dakika chache, pengine pamoja na jengo lenyewe, kwa maana vumbi la unga hushika moto.

Lango la maji hupandishwa. Unga wa kwanza hautumiki kwa chakula, kwani huenda una chembe za jiwe lililochongwa, kwa hiyo hutengwa. Baada yake fundi huteremka ghorofa ya chini, ambako unga hushuka kwa mlizamu wa mbao hadi mdomoni mwa gunia. Hukinga kiganja chini yake na kuusugua kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada. Anapima mambo matatu kwa pamoja: joto, wororo, na kama pumba ni pana na kavu. Mkono wa pili uko kwenye parafujo inayoinua na kushusha ubao mnene ambao mhimili wa jiwe umesimama juu yake. Robo mzunguko, na juu ya dari jiwe limepanda kwa kiasi ambacho hakuna jicho litakalokiona. Anasubiri, maana unga ulioko njiani bado ni wa kipimo cha zamani. Anakinga tena, anasugua. Bado una joto kidogo. Robo nyingine.

Mto ukipanda kwa mvua, maji ya chini hulizamisha gurudumu nalo huzunguka kwa uzito. Mto ukishuka wakati wa kiangazi, nguvu hupungua. Kila badiliko hufika kwenye dole gumba la fundi kabla ya kufika mahali pengine, na parafujo haiachwi kwa muda mrefu. Gunia likijaa hufungwa mdomo kwa kamba na kusogezwa kando, jingine hutundikwa, na mkono hurudi chini ya mlizamu.